Gari ya manuali inazima ukipunguza mwendo? Soma hapa kabla hujamwaga hela gereji

Leo tuweke siasa pembeni kidogo tuongelee jambo linalowatesa wengi wanaoshika gari kwa mara ya kwanza, hasa za manuali. Unatembea vizuri tu, gari inavuta, gia zinaingia bila shida. Unafika kwenye tuta au unakaribia foleni, unatoa mguu kwenye mafuta, unakanyaga breki... kimya! Taa nyekundu zimejaa kwenye dashibodi, na daladala iliyo nyuma inapiga honi utadhani umemkanyaga konda.

Mimi yamenikuta. Kigari changu cha petroli, kimetoka Japani, kimeshushwa bandarini Dar, kinang'aa. Wiki ya kwanza kilinizimikia mara nne. Ya nne ndiyo sitaisahau. Ilikuwa Barabara ya Morogoro, karibu na Mbezi Mwisho, na nyuma yangu kulikuwa na lori la mchanga. Dereva wake alinikwepa kwa kuingia pembeni kwenye vumbi. Nilishuka magoti yanatetemeka.

Nikaenda gereji. Fundi wa kwanza hakuuliza kitu: "Pampu ya mafuta hiyo, bosi." Nikanunua pampu. Siku mbili, gari ikazima tena. Fundi wa pili akasema plagi. Nikanunua plagi. Ikazima siku hiyohiyo, nikiwa natoka getini kwake! Wa tatu alikuwa mzee mmoja wa Gerezani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, hata boneti hakufungua. Akaniuliza swali moja tu: "Kijana, inazima ukiwa umekanyaga klachi au hujakanyaga?"

Sikujua jibu. Na swali hilo ndilo lenye thamani kuliko pampu na plagi zangu zote. Ngoja nieleze kwa nini.

KWA NINI IZIME WAKATI WA KUPUNGUZA TU?

Injini ya petroli inataka vitu vitatu: hewa, mafuta na cheche ya moto. Unapokanyaga mafuta, kwenye magari haya ya sindano, mguu wako haumwagi petroli moja kwa moja. Unafungua mlango wa hewa, kile kisahani kilichoko ndani ya throto. Kontroli boksi inapima hewa iliyoingia, ndipo inapiga mafuta ya kulingana nayo, kama kilo 1 ya petroli kwa kilo 14.7 za hewa.

Ukitoa mguu, kile kisahani kinajifunga karibu chote. Kuanzia hapo injini inaishi kwa kijihewa kidogo sana, na hiyo ndiyo mafundi wanaita sailensa. Kwa magari mengi madogo injini ikiwa ya moto, mshale wa RPM unakaa kati ya 650 na 850.

Sasa sikia utamu wake. Gari ikiwa kwenye gia na umetoa mguu kwenye mafuta, magari mengi ya sindano yanakata petroli kabisa. Injini inazungushwa na matairi, wewe unateleza bure. Mshale ukishuka kukaribia 1,000 hivi, kontroli boksi inarudisha petroli ili injini ijitegemee. Ni kama kupokezana kijiti kwenye mbio. Matairi yanaiachia injini, na injini inatakiwa ipokee na kuendelea yenyewe. Kama kuna udhaifu wowote, kijiti kinaanguka hapo. Ukiwa spidi 80 huwezi kuuona udhaifu huo, kwa sababu hewa ni nyingi na matairi yanasaidia.

JARIBIO LA DAKIKA TANO

Tafuta uwanja mtupu au barabara isiyo na watu, asubuhi, injini ikiwa imeshapata moto. Usijaribie kwenye foleni!

Kwanza, nenda spidi kama 40, gia ya tatu. Toa mguu kwenye mafuta, kanyaga klachi mpaka sakafuni, halafu shika breki taratibu mpaka usimame, klachi ikiwa bado chini. Rudia mara tatu nne. Kama haizimi hata mara moja, samahani ndugu yangu, gari haina ugonjwa. Ni mguu wako.

Pili, kama imezima, rudia, ila safari hii toa gia uweke nyutro kabla ya kusimama. Kama kwenye nyutro haizimi, lakini kwenye gia inazima na klachi umekanyaga, basi klachi haiachii vizuri.

Tatu, kama inazima hata ikiwa nyutro, tatizo liko kwenye injini.

Basi. Umeshagawa ugonjwa mafungu matatu na hujatoa hata shilingi.

KAMA NI MGUU WAKO

Usione haya, wote tumepita huko. Wengi wanakanyaga breki na kusahau klachi. Matairi yakikaribia kusimama yanailazimisha injini isimame nayo. Dawa yake: anza na breki, acha gari ipungue ikiwa kwenye gia, na mshale ukikaribia 1,000 ndipo ukanyage klachi. Kama bado unataka kutembea, ingiza gia ya chini. Kwenye tuta gia ya pili inatosha kwa magari mengi madogo. Kupita tuta na gia ya nne ni kujitafutia aibu.

Wale mliozoea otomatiki, hili ndilo linawaangusha. Mguu wa kushoto ulikuwa likizo miaka yote, sasa umeitwa kazini.

KAMA NI KLACHI

Kabla ya fundi, angalia kapeti. Ndiyo, kapeti! Likijikunja chini ya pedali, klachi haifiki sakafuni, na unaweza kuhangaika mwezi mzima. Likiwa sawa, angalia kikopo cha mafuta ya klachi kama gari yako ina mfumo wa mafuta. Yakiwa yamepungua, kuna sehemu yanavuja. Kama ni ya kebo, huenda kebo imelegea. Dalili nyingine ni gia ya rivasi kukwaruza wakati wa kuingia.

KAMA NI INJINI

Hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. Siri ni kuanza na cha bei rahisi kwenda cha ghali, siyo kinyume chake.

1. Throto chafu. Moshi na mvuke wa oili vinarudi kidogo kidogo na kuganda pembeni ya kile kisahani kama masizi ya sufuria. Ile njia ndogo ya hewa ya sailensa inaziba. Ukikanyaga mafuta gari inapeta, ukiachia inakata pumzi. Kuna dawa ya kupuliza inauzwa kwenye maduka ya spea, na kazi yenyewe si ya siku nzima. Angalizo: kama throto ni ya umeme, zima swichi kwanza, na usikisukume kisahani kwa bisibisi. Utaua mota yake.

2. Betri iliyochomolewa. Hii inawapata sana wenye magari yaliyotoka melini. Kontroli boksi huwa inajifunza kiasi cha hewa ambacho injini yako inahitaji. Betri ikifa au ikichomolewa, kumbukumbu hiyo inafutika. Kwa magari mengi dawa ni kuiwasha, kuiacha ingurume bila AC mpaka ipate moto, kisha na AC, halafu unaizungusha mtaani kidogo. Nyingine zina utaratibu wake maalumu.

3. Hewa ya wizi. Mpira uliopasuka baada ya chujio la hewa unaingiza hewa ambayo haikupimwa, na hesabu ya mafuta inavurugika. Usisahau busta ya breki, maana nayo inavuta hewa kupitia injini. Simama, nyutro, hendibreki juu, injini inanguruma. Kanyaga breki na ushikilie. Ukisikia "sssss" karibu na pedali na sailensa inayumba, umempata mwizi. Hiyo usiichelewe, ni breki hiyo!

4. Mafuta. Tenki likiwa karibu tupu, ukishika breki petroli inakimbilia mbele na pampu inabaki kunyonya hewa. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu pampu, jaza kidogo uone. Na kama tatizo lilianza siku ulipojaza sheli fulani, jiulize kuhusu maji au uchakachuaji. EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na mchezo huo, lakini macho yako mwenyewe bado yana kazi. Omba risiti.

5. AC na umeme. Inazima AC ikiwa imewashwa tu? Basi mfumo wa kuongeza sailensa haubebi mzigo. Pimisha na chaji. Injini ikiwa inawaka, betri isome kama volti 13.5 hadi 14.5.

6. Sensa. Kama taa ya injini inawaka, au gari inazima ikiwa ya moto tu na inakataa kuwaka mpaka ipoe, peleka ikapimwe kwa mashine. Hapo ndipo mashine ina faida, siyo kubahatisha sensa moja baada ya nyingine.

IKIKUZIMIKIA BARABARANI

Hii ndiyo sehemu ninayoomba usome mara mbili. Injini ikizima, mambo mawili yanabadilika kwa ghafla. Usukani wa pawa unakuwa mzito, na breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili hivi, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Breki hazijafa! Zinataka nguvu nyingi tu. Watu wanagonga kwa sababu wanapampu pedali, wanamaliza ule msaada, wanaingiwa na woga.

Kwa hiyo: kanyaga klachi, washa taa za hatari, elekea kushoto. Breki kanyaga mara moja, kwa nguvu, ushikilie. Kama bado unatembea, unaweza kupiga starta klachi ikiwa chini. Usichomoe ufunguo kabla hujasimama, maana usukani unaweza kujifunga. Ukishasimama, pembetatu nyuma, na usikae kwenye gari kama uko kwenye kona.

MAMBO MAWILI YA KUACHA

La kwanza ni lile la fundi kukupandishia sailensa, mshale ukakae 1,200 "ili isizime". Hajatibu, ameficha. Unakula mafuta zaidi na ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

La pili ni kutia nyutro kwenye mteremko eti kubana matumizi. Wadau, hesabu zinakataa. Nimesema hapo juu, ikiwa kwenye gia bila mguu kwenye mafuta, injini ya sindano inakata petroli. Kwenye nyutro inabidi inywe ili isizime. Sasa fikiria mteremko kama wa Kitonga kule Iringa, uko nyutro, injini yenye sailensa mbovu inazima, msaada wa breki unakwisha na bado kuna kona mbele. Ikiwa kwenye gia, matairi yanaendelea kuizungusha injini, na injini inakusaidia kushika gari. Teremka na gia, tena ya chini.

NILIMALIZAJE?

Tukafanya jaribio na yule mzee nje ya karakana yake. Klachi chini, ikazima. Nyutro, ikazima. Akatikisa kichwa, akafungua throto, akanionyesha. Ndani palikuwa peusi kama chungu cha mihogo. Akapuliza dawa, akafuta kwa kitambaa, akarudisha, tukaiacha ingurume kwa muda. Gharama yake haikufika hata nusu ya ile pampu niliyonunua bila sababu. Mpaka leo haijazima tena. Pampu ya zamani ninayo kabatini, nzima kabisa, ukumbusho wa ujinga wangu.

Nilipomlipa nikamuuliza kwa nini wenzake hawakuuliza lile swali. Akacheka: "Wewe ulikwenda kwao ukasema gari mbovu. Hukuwaambia imefanya nini."

Nadhani alikuwa na haki. Daktari ukimwambia tu "naumwa" naye atabahatisha. Kwa hiyo kabla ya kwenda gereji andika kwenye kikaratasi: inazima ikiwa ya baridi au ya moto, klachi chini au juu, AC imewashwa au imezimwa, tenki lina kiasi gani. Mpe fundi. Akiisoma na kukuuliza swali la ziada, kaa naye. Akikitupa na kusema "pampu hiyo, bosi", washa gari yako uondoke, kama itawaka!

Haya, wenye magari ya manuali, yenu yamewahi kuwazimikia wapi na dawa ilikuwa nini? Na mafundi mnaopita hapa, kama nimekosea mahali nirekebisheni. Tupieni maoni hapo chini.

Nawakilisha.