Ngoma, Ala na Mwendo: Maoni ya Msahihishaji katika Mtihani wa Majaribio wa Nadharia ya Uchezaji, Busia na Malaba

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna mwalimu anavyoweza kumrudishia mwanafunzi karatasi ya mtihani wa majaribio wa nadharia ya uchezaji pamoja na maoni yatakayomfaa. Kwa kawaida jambo hili huhesabiwa kuwa la walimu wa muziki na sanaa za maonyesho peke yao. Makala haya yanashikilia kwamba ni jambo la lugha kwanza, na kwa hiyo linawahusu wanaisimu na walimu wa Kiswahili pia. Sehemu kubwa ya upungufu katika majibu ya aina hii haitokani na mwanafunzi kutoijua ngoma. Hutokana na jina moja kubeba dhana tatu ambazo mtahini anataka zitenganishwe, na mwalimu naye, anaposahihisha, huacha kuzitenganisha.

Mifano inahusu miji ya mpakani ya Busia na Malaba, upande wa Kenya, kwa sababu huko tatizo hili hujitokeza waziwazi zaidi. Maswali na majibu yanayotolewa hapa yametungwa kwa ajili ya maelezo tu.

2. Mahali na lugha zake

Hadi mwaka 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo serikali ya Kiingereza iliihamishia Jimbo la Mashariki la Uganda katika himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye ilikuwa Kenya. Mpaka uliotokea uliwakuta Waiteso na Wasamia mahali walipokuwa, ukawaacha pande zote mbili. Hata leo ukoo mmoja waweza kuwa na nyumba Malaba na nyumba nyingine Tororo, na msiba wa upande mmoja huchezewa ngoma na watu wa upande wa pili.

Katika darasa moja la sekondari la Busia mwaweza kuwamo wasemaji wa Kiteso, ambayo ni lugha ya Kiniloti, wasemaji wa Kisamia, Kikhayo na Kimarachi, ambazo ni lugha za Kibantu, na wasemaji wa Kijaluo. Kiswahili ndicho lugha yao ya pamoja sokoni, forodhani na katika vituo vya malori. Mtihani wenyewe, hata hivyo, huandikwa kwa Kiingereza. Hivyo basi, mwanafunzi amejifunza ngoma kwa lugha ya nyumbani, humweleza jirani yake wa dawati kwa Kiswahili, kisha hutahiniwa kwa lugha ya tatu. Yafaa mwalimu aikumbuke safari hiyo kabla ya kuishika kalamu nyekundu.

Upande wa Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha idara ya muziki, uchezaji na maigizo mwaka 1971. Nchini Kenya, katika mtihani wa KCSE ulioanza mwaka 1989, uchezaji haukupewa somo lake; maswali yake hutokea ndani ya nadharia ya Muziki. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, umeifanya sanaa na michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo katika sekondari ya juu, na uchezaji umo humo. Kwa sababu hiyo idadi ya majibu ya kusahihishwa yatazamiwa kuongezeka, ilhali desturi ya kuyasahihisha haijajengeka vya kutosha.

3. Jina moja, dhana tatu

Neno ngoma katika Kiswahili lina maana ya ala inayopigwa, la uchezaji unaoandamana na ala hiyo, na la tukio zima ambalo watu hukusanyika. Msemaji hana shida nalo katika mazungumzo, kwani muktadha humwongoza. Mtu akisema ngoma imepasuka, hakuna atakayedhani kwamba sherehe ndiyo iliyopasuka.

Tabia hii si ya Kiswahili peke yake. Miongoni mwa Waisukha na Waidakho wa Kakamega, mashariki ya Busia, isukuti ni jina la ngoma zipigwazo, ambazo kwa kawaida ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na ni jina la uchezaji wenyewe. Uchezaji huo uliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Miongoni mwa Waiteso, akogo ni ala ya vibao vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, na jina hilo hilo hutumika kwa ngoma inayochezwa kwa ala hiyo.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Malaba anapoulizwa habari za uchezaji wa akogo, akajibu kwa kuitaja ala na sherehe, hajatoka nje ya swali kwa kipimo cha lugha yake. Ametoka nje kwa kipimo cha nadharia, ambayo hutaka mwendo wa mwili utazamwe peke yake kwanza ndipo uhusishwe na mengine. Haya ni makosa ya aina mbili, na dawa zake ni mbili tofauti.

4. Mfano wa jibu na maoni mabaya

Tuchukue swali lenye alama 8: "Eleza uhusiano wa mwendo wa wachezaji na ala katika uchezaji mmoja wa jamii yako." Mwanafunzi aandika hivi:

"Akogo ni ngoma ya Waiteso. Ala zake ni akogo kubwa na ndogo. Huchezwa harusini na watu hufurahi sana. Wachezaji hucheza kwa ustadi mkubwa wakifuata mlio. Ngoma hii huleta umoja katika jamii."

Msahihishaji aandika pembeni: "Fupi mno. Eleza zaidi. 2/8."

Maoni hayo yana kasoro tatu. Kwanza, hayasemi ni kipi kielezwe zaidi. Mwanafunzi mtiifu ataongeza sentensi tatu nyingine juu ya harusi, na jibu litakuwa refu lakini bovu vile vile. Pili, yanalihukumu jibu kwa urefu, ambao haukuulizwa. Tatu, nalo ndilo zito zaidi, yanamwachia mwanafunzi atafute mwenyewe sababu ya kushindwa. Mtoto aliyeicheza akogo tangu utotoni, akapewa 2 kati ya 8, aweza kuhitimisha kwamba aliyofunzwa na bibi yake si elimu. Akifika hapo, shule imempotezea mwanafunzi na jamii imepoteza mrithi wa ngoma.

Royce Sadler, mtaalamu wa elimu wa Australia, aliandika mwaka 1989 kwamba mwanafunzi hawezi kujirekebisha pasipo mambo matatu: kujua kiwango kinachotakiwa, kukilinganisha na kazi yake, na kujua hatua ya kuchukua ili aikaribie. Maoni "eleza zaidi" hayampi hata moja kati ya hayo.

5. Kitenzi cha Kiswahili kama chombo cha kusahihishia

Rudolf Laban, aliyechapisha mfumo wake wa kuandika miondoko mwaka 1928, pamoja na wanafunzi wake, waliwazoeza wasomi kuuliza maswali manne juu ya mwendo wowote: mwili unafanya nini, unakwenda wapi, kwa nguvu na kasi gani, na kwa uhusiano gani na watu au vitu vingine. Walimu wengi huyafundisha maswali hayo kwa nomino za Kiingereza ambazo mwanafunzi hukariri bila kuzitumia. Lakini Kiswahili, ambacho darasa zima la Busia linakijua, kimekwisha kuyaweka maswali hayo ndani ya kitenzi.

Tuanze na mwili. "Anatikisa mabega" humwonyesha mchezaji anayeyaendesha mabega kwa kukusudia. "Mabega yanatikisika" huonyesha kwamba mwendo umeanzia pengine, labda miguuni au kiunoni, ukayafikia mabega. Tofauti ya kauli ya kutenda na kauli ya kutendeka ni tofauti ya chanzo cha mwendo, na hilo ni jambo ambalo mtahini wa uchezaji hulitafuta.

Kuhusu mahali na uhusiano, tazama kitenzi zunguka. "Anajizungusha" ni kugeuka papo hapo. "Anamzunguka mpigaji" ni kuchora duara yenye mtu katikati. "Wanazungukana" ni wachezaji wawili, kila mmoja akiwa katikati ya duara ya mwenziwe. Vivyo hivyo, "wanafuatana" ni safu, na "wanapokezana" ni zamu. Mnyambuliko mmoja huwa na habari ambayo mwanafunzi angehitaji sentensi nzima kuieleza kwa lugha nyingine.

Kuhusu nguvu, lugha hutofautisha kukanyaga na kukita, kuvuta mguu na kuburura mguu. Uradidi nao una kazi yake: "anaruka" ni tendo moja kubwa, "anarukaruka" ni matendo madogo yanayorudiwa.

Tukiufikia uhusiano wa mwendo na mlio wa ala, ambao ndio kiini cha swali letu, viambishi vya wakati hutosheleza. "Anakita mguu ngoma inapolia" ni mambo mawili kwa pamoja. "Ngoma ikisha kulia anakita mguu" ni mwitikio unaofuata. Mchezaji wa kwanza anaandamana na mpigaji. Wa pili anamjibu. Wanafunzi wengi huandika "wakifuata mlio" kwa hali zote mbili, na alama hupotea hapo.

6. Utaratibu wa kurudisha karatasi

Kutokana na maelezo hayo, utaratibu ufuatao unapendekezwa.

(a) Kabla ya kuandika neno lolote, msahihishaji aitie kila sentensi ya jibu herufi moja pembeni: A kwa ala, M kwa mwendo, T kwa tukio. Jibu lililotajwa hapo juu litapata T, A, T, M, T. Kazi hii huchukua muda mfupi, na mwanafunzi huona mara moja kwamba katika sentensi tano, ni moja tu iliyolijibu swali.

(b) Msahihishaji achague sentensi moja yenye M na kuiulizia maswali yenye vitenzi. Badala ya "eleza zaidi", aandike: "Hucheza: je, huruka, hukita, au huburura miguu? Mabega wanayatikisa au yanatikisika? Mguu hushuka ala inapolia au ikisha kulia?"

(c) Mwanafunzi asimame acheze hatua chache, mwenzake wa jamii nyingine amtazame na aseme kwa Kiswahili anachokiona. Mtazamaji asiyeijua ngoma hiyo ana faida kubwa, kwa kuwa hawezi kukimbilia maana. Hana budi kuanza na mwendo. Kisha mchezaji ayaandike yaliyosemwa, ayasahihishe, na mwishowe ayatie katika Kiingereza cha mtihani.

(d) Alama zitolewe mwisho. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa watoto wa shule nchini Israel. Waliopewa maoni bila alama waliendelea vyema. Waliopewa alama pamoja na maoni hawakupata faida hiyo. Mtihani wa majaribio, ambao hauingii katika cheti, ndio mahali panapofaa kuichelewesha alama kwa siku mbili tatu.

Baada ya utaratibu huo, jibu la mtu aliyechagua isukuti laweza kusomeka hivi: "Wanaume na wanawake husimama safu mbalimbali. Kiongozi huimba, nao huitikia. Ngoma zinapolia kwa kasi hutikisa mabega, na kila pigo la ngoma kubwa hukita mguu." Sentensi hizi ni chache kama zile za kwanza, lakini kila moja inabeba habari inayoweza kupewa alama.

7. Pingamizi mbili

Yaweza kudaiwa kwamba kutumia Kiswahili katika somo linalotahiniwa kwa Kiingereza ni kumcheleweshea mwanafunzi lugha ya mtihani. Jibu ni kwamba Kiingereza hakiwezi kueleza kile ambacho mwandishi hajakitenganisha akilini. Kiswahili hapa ni daraja, na mtu hajengi nyumba juu ya daraja, hulivuka. Aidha, majina ya hatua na miondoko yaliyo katika Kiteso au Kisamia yabaki katika jibu kama yalivyo, yakifuatwa na maelezo.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Mwalimu atokaye kwingine atajuaje kwamba mwendo ulioelezwa ni sahihi? Ngoma ya Malaba yaweza kutofautiana na ile ya Tororo, na ile ya msibani na ile ya jukwaani katika mashindano ya shule. Ukweli ni kwamba mara nyingi hatajua. Kwa hiyo maoni yake yasiwe "sivyo", bali "uliiona wapi, na nani waliicheza?" Mwanafunzi akitaja mahali na wachezaji, amejifunza kanuni ya kwanza ya utafiti, na mwalimu ameepuka kuifanya kosa ngoma asiyoijua.

8. Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba upungufu mwingi katika majibu ya nadharia ya uchezaji chanzo chake ni majina yanayojumlisha ala, mwendo na tukio, na kwamba maoni yenye manufaa ni yale yanayoyatenganisha kwa njia ya vitenzi. Wanaisimu wanaweza kusaidia kwa kukusanya vitenzi vya miondoko kutoka katika Kiswahili, Kiteso, Kisamia na lugha jirani, wakaonyesha minyambuliko yake na maana zake, kabla ya kukimbilia kubuni istilahi mpya za nomino. Mwalimu wa Busia au Malaba hahitaji kungoja kazi hiyo ikamilike. Aweza kuanza na karatasi zilizo mezani pake, na herufi tatu pembeni.