Mmea Asilia: Istilahi na Matumizi Yake Bustanini

Katika elimu ya mimea, neno "asilia" lina maana finyu kuliko ile ya mazungumzo ya kila siku. Mmea asilia ni ule uliopo mahali fulani bila ya kuletwa na binadamu. Ulioletwa huitwa mmea mgeni, hata ukiwa umekaa karne nyingi. Na mgeni anayeenea mwenyewe na kuisonga mimea mingine huitwa mmea vamizi. Si kila mgeni ni mvamizi: mwembe ulitoka Asia, wala hatuulalamikii.

Uasilia wa jina usichanganywe na uasilia wa mti. Mwarobaini una jina la Kiswahili, lakini chimbuko lake ni kusini mwa Asia. Mzambarau wa mijini nao ulitoka Asia, ilhali ndugu yake wa Kiafrika huitwa "mzambarau mwitu", kana kwamba yeye ndiye aliyehamia. Kivumishi hicho kina madhara, kwani kinachoitwa cha mwitu hung'olewa uani bila ya majuto.

Tuchukue mfano wa Kate, Wilaya ya Nkasi, katika uwanda wa juu wa Ufipa. Sehemu kubwa ya uwanda huo ni nyasi, na miti ni michache. Hivyo mti mmoja uani huwafaa ndege wengi. Mkuyu huwapa matunda. Mwamba-ngoma, wenye maua mekundu, huwapa chozi mbochi, yaani umajimaji mtamu wa maua. Aidha, ndege wengi, hata wale walao nafaka, huwalisha makinda yao wadudu. Na wadudu wengi walao majani hutegemea aina chache tu za mimea waliyoizoea tangu zama. Mkaratusi, uliotoka Australia, hutoa nguzo na kuni upesi, lakini majani yake huwalisha wadudu wachache wa kwetu.

Kwa sababu hizo, tunapendekeza vijitabu vya bustani vitumie "mzambarau wa Kiafrika" badala ya "mzambarau mwitu". Pale Kiswahili kinapokosa jina la mti, utaratibu wetu wa kuunda istilahi hututaka tutafute kwanza katika lugha za Kibantu kabla ya kukopa ng'ambo. Kwa miti ya Ufipa, basi, wa kuulizwa kwanza ni wazee wasemao Kifipa. Majina hayo yafaa yakusanywe sasa, wakati wanaoyajua na miti yenyewe wangalipo.