Ramani za Vijana Zisiishie Uwanja wa Maonyesho

Kila ufikapo mwezi wa Agosti, wananchi wa mikoa ya Mara, Simiyu na Shinyanga hukusanyika Nyakabindi, Bariadi, kwa Maonyesho ya Nane Nane, na ndugu zetu wa Ukerewe huvuka maji kwenda Nyamhongolo, Mwanza. Huko tunaonyeshwa mbegu, ng'ombe wa maziwa, vizimba vya samaki na mashine za kila namna. Sisi tungependa kuona meza moja zaidi: meza ya vijana wa sekondari kutoka Kibara, Kisorya, Nansimo au Irugwa, wakiwa na ramani za vijiji vyao walizozipima wenyewe kwa simu za mkononi. Na tungependa zaidi kujua ramani hizo zinakwenda wapi baada ya mahema kung'olewa.

Jambo hili si ndoto. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, kuchora mitaa, visima na vyoo vya mahali ambapo ramani nyingi zilipaonyesha kama doa tupu. Mwaka 2015 kazi hiyo ilipanuka na kuitwa Ramani Huria, nayo ikafuatilia hasa mitaro na nyumba zinazofikiwa na mafuriko. Visiwani Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifundishwa kurusha ndege ndogo zisizo na rubani, wakapiga picha Unguja na Pemba kutoka angani. Mkoani Iringa, katika kijiji cha Ilalasimba na vingine vya jirani, vijana wa kijiji walifundishwa kupima mashamba kwa simu mbele ya majirani wote wa mpakani, na vipimo vyao vikatumika katika kutoa hati za hakimiliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kijana anayeishi hapo hapo ndiye aliyeshika simu. Hilo ndilo la kuzingatia.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi uko humu humu mkoani Mara, na haukuanza kwa ajili ya maonyesho wala masomo. Ulianza kwa sababu ya wasichana. Sote tunajua yanayotendeka katika baadhi ya sehemu za mkoa huu ufikapo Desemba, ijapokuwa sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Msichana hukimbia usiku, au jirani mwenye huruma hupiga simu kuomba msaada. Polisi na watu wa nyumba salama wako tayari kwenda, waende wapi? Wanaambiwa ni kijiji fulani, kitongoji fulani, nyuma ya mlima, karibu na mti mkubwa. Gari linazunguka mpaka alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ya ngariba.

Ndipo tangu mwaka 2015 mpango uitwao Crowd2Map ulipoanza kujaza ramani ya vijiji vya Tanzania. Watu wa kujitolea walio mbali, wengine Ulaya na Marekani, hukaa mbele ya kompyuta na kufuatisha barabara na nyumba zinazoonekana katika picha za setilaiti. Mtu wa mbali, hata hivyo, huona bati tu. Hajui kama bati hilo ni zahanati, duka au kanisa, wala hajui kitongoji kinaitwaje. Jina hutiwa na mwenyeji. Shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Bi. Rhobi Samwelly, limewafundisha wananchi wa vijiji vya Serengeti na Butiama, wanawake kwa wanaume, kutembea na simu na kuandika majina hayo. Ramani yenyewe ni OpenStreetMap, iliyobuniwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuiongezea bila malipo. Hivyo dereva anaweza kuongozwa mpaka kitongojini, na binti akafikiwa kabla ya kisu.

Tumesimulia habari hiyo kwa kirefu kwa sababu baadhi ya watu wazima, wakiwamo wazazi na hata walimu, huiona kazi ya kutembea na simu kuwa ni michezo ya watoto.

Naam, michezo imo, na haina ubaya. Mwezi Mei mwaka 2000 Serikali ya Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti zake yaliyokuwa yakipokelewa na raia, na vifaa vya GPS vikawa sahihi ghafla. Kabla ya juma hilo kwisha, Mmarekani mmoja aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo katika msitu wa jimbo la Oregon, akatangaza tarakimu za mahali ilipo, akasubiri watu waitafute. Mchezo huo leo una maficho zaidi ya milioni tatu duniani, na vikundi vya vijana vya 4-H huko Marekani hujifunzia GPS kwa njia hiyo. Mwalimu wa jiografia wa Kibara anaweza kufanya hivyo hivyo kwa kopo la rangi na daftari moja: afiche kopo, aandike tarakimu ubaoni, kisha awaache wanafunzi wahangaike. Amwarifu kwanza mwenyekiti wa kitongoji, maana kundi la watoto wanaopekua vichaka vya watu wakitafuta kopo lililofichwa litazua maneno. Na kopo lisiwekwe makaburini wala katika misitu ambayo wazee wanaiheshimu.

Kwa mchezo huo kijana ataelewa kwamba chombo hiki hakina uchawi. Juu yetu, umbali wa kilomita zipatazo 20,200, zinazunguka setilaiti zaidi ya 24, kila moja ikiwa na saa ya atomiki na ikitangaza wakati na mahali ilipo. Simu husikiliza, hupima muda ambao mawimbi yametumia safarini, na ikizipata setilaiti nne au zaidi hukokotoa mahali ilipo. Penye anga wazi hukosea kwa mita chache tu. Chini ya bati au baina ya majabali hukosea zaidi. Na hapa pana jambo ambalo wakazi wa visiwani hawana budi kuambiwa waziwazi: kupokea mawimbi hayo hakuhitaji mnara wa simu wala vocha. Mvuvi aliye katikati ya Ghuba ya Speke, mahali ambapo simu haiiti, anaweza bado kusoma tarakimu za mahali alipo. Anachohitaji mnara ni kumtumia mwenzake tarakimu hizo.

Tarakimu zenyewe zina adabu yake. Kibara iko digrii 2 na kitu kusini mwa Ikweta, na digrii 33 na kitu mashariki. Huku kwetu digrii moja ni kama kilomita 111. Kwa hiyo ukikosea kwa moja tarakimu ya tatu baada ya nukta, umemsogeza mtu mita 111. Ukikosea ya nne, mita 11. Ukisahau kuandika kwamba ni kusini, umempeleka mwokoaji kaskazini mwa Uganda. Hesabu hii mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza, na hatudhani kama kuna njia bora zaidi ya kumfanya aipende desimali.

Ziwa letu lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na halina mzaha. Mwezi Julai 2023, katika kijiji cha Mchigondo, kata ya Igundu, katika jimbo hili hili la Mwibara, mitumbwi iliyobeba waumini waliokuwa wakirejea kutoka ibadani ilizama, na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha, wengi wao watoto. Hatusemi kwamba ramani ingewaokoa. Wala ilipopinduka MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara, na kuua watu zaidi ya 220, hapakukosekana ramani; kivuko chenye nafasi ya watu 101 kilijazwa kupita kiasi. Ramani haihesabu abiria. Lakini mialo yetu midogo, miamba iliyofichwa na maji yakipanda, njia wanazopita watoto kwa mtumbwi kwenda shule na ibadani, mahali penye mtumbwi wa injini unaoweza kutumwa haraka, mambo hayo yamo vichwani mwa wazee na manahodha, nayo huondoka pamoja nao. Kijana mwenye simu akikaa mtumbwini na mzee siku mbili tatu, atarudi na vitu viwili kwa pamoja: mahali na jina lake, kwa Kijita au Kikerewe, likiandikwa kama linavyotamkwa.

Yako mambo ambayo kijana asiyapime. Nyumba za kuwahifadhi wasichana zisitiwe katika ramani ya wazi hata kidogo, wala nyumba ya mtu aliyetoa taarifa. Mipaka ya mashamba iachwe mikononi mwa halmashauri ya kijiji na wapimaji walioidhinishwa. Tumeshuhudia ugomvi wa kutosha juu ya mipaka, na nukta katika simu haimpi mtu shamba. Mialo ya dagaa nayo ina wenyewe, yaani vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambao wasipoulizwa mapema watadhani kijana ametumwa kuwapeleleza.

Kwa viongozi wetu tunalo ombi moja. Mara nyingi ofisa wa wilaya hupita katika banda la vijana, hupigwa picha, hupiga makofi, na kazi ya watoto huishia stoo ya shule pamoja na mabango ya mwaka jana. Ofisa anayesema kwamba ramani ya mwanafunzi si rasmi anasema kweli. Basi na amtume mtu wa ardhi aikague: aingie kijijini na ramani hiyo mkononi kwa siku moja, asahihishe palipokosewa, kisha aandike kwamba ameiona. Gharama yake ni mafuta ya pikipiki. Kituo cha afya kinachohesabu watoto wa chanjo kitafaidika nayo, mratibu wa maafa wa wilaya atafaidika nayo, hata fundi wa maji anayetafuta bomba lililozikwa miaka mingi iliyopita.

Ramani itakayopelekwa Nyakabindi iandikwe pembeni majina ya vijana walioipima, na mwezi na mwaka wa kupimwa. Baada ya tarehe 8 Agosti nakala moja ikabidhiwe kwa mtendaji wa kata, moja kwa zahanati, na moja ibandikwe mwaloni, kwenye ubao usiolowa mvua, mahali ambapo nahodha ataisoma kabla ya kusukuma mtumbwi majini.