Corolla Inapozimikazimika

Magari mengi ya Toyota Corolla ya miaka ya 1990, yakiwemo yale ya toleo la AE100 na AE110 ambayo bado yanatembea Tanzania na Kenya, hayana kabureta bali yana mfumo wa EFI, ambamo kompyuta husoma taarifa za sensa, kisha huamua nozeli, yaani vijibomba vinavyopuliza petroli kwa umbo la ukungu, zifunguke kwa muda gani. Gari la namna hiyo linapoanza kuzimikazimika, wenye magari wengi hubadilisha plagi, kisha nozeli, kisha pampu, na fedha huisha kabla ugonjwa haujajulikana, ilhali namna linavyozima ndiyo dalili ya kwanza ambayo fundi angepaswa kuiulizia.

Likizima kwenye foleni dereva anapoachia ekseleta, lakini likaenda vizuri barabara inapofunguka, wa kushukiwa ni valvu ya sailensa, ambayo hupitisha hewa kidogo pembeni mwa kipepeo cha throto kinapokuwa kimefungwa, na ambayo masizi yakiiziba injini hukosa pumzi. Mara nyingi husafishwa tu, bila kununuliwa nyingine. Kuna pia mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye sensa ya presha ya hewa, nao ukipasuka, kompyuta hudhani injini imebeba mzigo mzito, hivyo humimina petroli kupita kiasi, moshi mweusi ukatoka na injini ikazimika, na mpira huo wa bei ndogo ndio unaosahaulika zaidi.

Kuzima ghafla, kana kwamba mtu amezungusha swichi, baada ya safari ndefu, kisha gari likawaka tena likipoa, ni jambo jingine kabisa. Hapo hushukiwa igniter, kifaa kinachokata na kuunganisha umeme wa koili, au koili ndogo iliyomo ndani ya distributa, kwa kuwa waya wake uliochakaa huweza kuachana unapopata joto na kugusana tena unapopoa. Kipimo chake hufanyika papo hapo gari likiwa limegoma, kwa kuangalia kama plagi inatoa cheche, maana gari lililofikishwa gereji likiwa limeshapoa halitaonyesha kosa lolote.

Gari linalokohoa na kupoteza nguvu taratibu kabla ya kuzima huelekea kukosa petroli. Pampu yake hukaa ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe, kwa hiyo mazoea ya kutembea taa ya mafuta ikiwaka, ambayo kwa hali ya mifuko ni vigumu kuyalaumu, huifupishia maisha.

Kompyuta nayo huweza kuhojiwa: swichi ikifunguliwa bila kuwasha injini, na waya mfupi ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 katika kiboksi kilicho chini ya boneti, taa ya injini kwenye dashibodi hukonyeza namba ya hitilafu, kama vile 14 kwa mawimbi ya igniter au 22 kwa sensa ya joto la maji. Taa ikikonyeza mfululizo bila kituo, hakuna hitilafu iliyorekodiwa, lakini pampu isichukuliwe kuwa nzima kwa sababu hiyo, kwani kompyuta hiyo haipimi presha ya petroli, na fundi hana budi kufunga geji na kutafuta PSI 38 hadi 44, mpira wa hewa wa regyuleta ukiwa umechomolewa.