Dirisha la Maabara Likigoma Kufunguka Nyumbani

Jamani, tunaokaa Gulfton tunajua adha ya kwenda maabara usiku: mabasi mawili, na kurudi ni bahati yako. Ndiyo maana mimi huingia kwenye kompyuta ya maabara kwa SSH nikiwa chumbani. Zote mbili ni Linux, na michoro ya hesabu zangu hufunguka kwenye laptopu. Sasa siku mbili kabla ya kumpelekea msimamizi sura ya nne, mchoro ukagoma. Jibu likawa: Can't open display.

Kinachotuchanganya ni neno seva. Katika mfumo wa X, ulioanzia MIT mwaka 1984, seva ni mashine yenye skrini unayoitazama, yaani laptopu yako! Programu ya kule maabara ndiyo mteja. Inaomba ichorewe dirisha, na SSH inaipitishia ombi hilo. Ukiingia kwa ssh -X, DISPLAY hujipanga yenyewe upande wa kule. Andika echo $DISPLAY. Isipotokea kitu, basi umesahau -X, au kule X11Forwarding imezimwa katika /etc/ssh/sshd_config, au xauth haipo. Ukiona :0, kagua .bashrc yako, huenda kuna mstari ulionakili kwa rafiki. Ufute.

Yangu ilionyesha localhost:10.0, sawasawa kabisa, na bado hola. Saa nne nzima nalaumu intaneti! Kumbe kila nikiingia kulikuwa na mstari mmoja ninaoupita bila kuusoma: xauth imeshindwa kuandika faili la .Xauthority. Humo ndimo hutunzwa ufunguo wa kila safari, na programu isipokuwa na ufunguo huo, SSH ya upande wako huikatalia. Na kwa nini ishindwe kuandika? Nafasi yangu ya diski kule ilikuwa imejaa matokeo ya majaribio ya zamani. Nikafuta, nikatoka, nikaingia upya. Saa nane usiku dirisha hilo hapo.

Kuna watakaokushauri uandike xhost +. Usithubutu. Kwa tatizo hili haisaidii kitu, na inaondoa ulinzi wa skrini yako. Hata -Y itumie kwa mashine unayoiamini tu, maana programu ya kule inaweza kusoma unachobofya.

Dirisha likifunguka lakini likatambaa kama kobe, ongeza -C.