Mkao wa Mzazi na Bega Lililokwama

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, walinena wahenga. Methali hii hurudiwa mno katika mijadala ya fasihi, ila ni nadra mtu kuuliza mzazi huyo alikuwa amekaa vipi. Na mkao huweza kuwa ndio mpaka baina ya uhai na mauti, pale kichwa cha mtoto kinapotoka kisha bega lake la mbele likakwama nyuma ya mfupa wa kinena. Hapo wakati huhesabiwa kwa dakika. Kukivuta kichwa kwa nguvu huweza kujeruhi neva za shingoni, mkono wa mtoto ukapooza.

Mzazi alalaye chali hukikandamiza kifandugu chake kwa uzito wa mwili, kikakosa nafasi ya kusogea nyuma. Akigeuzwa akapiga magoti na kuegemea viganja mithili ya mtoto atambaaye, mfupa huo huwa huru, njia ya uzazi ikapanuka. Bega la nyuma, ambalo sasa liko upande wa juu, ndilo hutangulia kutoka.

Mbinu hii imepewa jina la Ina May Gaskin, mkunga wa Tennessee, Marekani, aliyeanza kuitumia baada ya kufunzwa huko Amerika ya Kati mnamo 1976. Mwaka wa 1998, yeye na wenzake walichapisha habari za wazazi 82 waliopatwa na tatizo hili. 68 walijifungua bila kuhitaji mbinu nyingine. Gaskin hakuficha chimbuko la maarifa yake. Hata hivyo, kama ilivyo ada ya mapokezi simulizi yanapotiwa wino, jina lililosalia ni la mwandishi, si la wakunga waliorithishana ujuzi huo.

Si kwamba kulala chali hakufai kabisa. Katika mbinu ya McRoberts, ambayo hospitali nyingi huanza nayo, mzazi hubaki chali, mapaja yakakunjwa hadi tumboni huku msaidizi akisukuma juu ya kinena. Hiyo humfaa hasa aliyedungwa sindano ya ganzi mgongoni, asiyeweza kujigeuza.

Majina hayo mawili ni ya vitabuni. Mzazi aliye katika uchungu hayajui wala hayamfai. Linalomfaa ni kauli ya mkunga, fupi na ya Kiswahili chake: "Geuka, mama. Piga magoti, shika chini."