Safari Inangoja, Watoto Hawangoji Kukua

Mwezi huu kwenye ukurasa wa familia sisi walimu wa kujitolea tumechagua jambo linalogusa nyumba nyingi hapa: kulea watoto wadogo wakati jina lenu liko kwenye foleni ya kwenda ng'ambo.

Likizo iliyopita tulienda Kigali, tukafikia Rwezamenyo, kule upande wa Nyamirambo ambako Kiswahili unakisikia mpaka dukani. Tulilala kwa familia moja iliyokuwa jirani yetu hapa kambini. Baba anashona nguo, mama anakaanga sambusa za kuuza asubuhi. Wana watoto watatu: msichana wa miaka saba, mvulana wa minne, na mchanga wa miezi mitano. Majina yao tunayaacha, ila wametupa ruhusa tuwasimulie.

Mwaka 2024 familia hii ilikuwa imemaliza karibu kila kitu cha kwenda Marekani: mahojiano, vipimo vya daktari, hata masomo ya kuwaandaa kwa maisha ya kule. Ilibaki tarehe ya ndege tu. Baba akauza cherehani yake. Mwezi wa tisa shule zilipofunguliwa, msichana hakuandikishwa darasa la kwanza, sababu walisema, "Ya nini kununua uniform ya wiki mbili?"

Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa Marekani akatia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Hata watu waliokuwa na tiketi mkononi walifutiwa safari. Baadaye kikomo cha kupokea watu, kilichokuwa 125,000 kwa mwaka, kikashushwa mpaka 7,500, na nafasi nyingi zikawekewa Wazungu wa Afrika Kusini. Kwa hiyo wiki mbili zile zikawa mwaka mzima. Baba sasa anashona kwa cherehani ya kukodi.

Kilichotuumiza zaidi ni mtoto. Nguo zake nzuri bado zinakaa ndani ya mfuko, hazivaliwi. Ndege ikipita juu anatoka mbio na kuuliza, "Hiyo ni yetu?" Tulimwuliza marafiki zake wa shule ni nani. Akajibu, "Sina, mimi nitaondoka." Mama yake aliposikia akaacha kukanda unga, akanyamaza. Halafu akatuambia, "Walimu, sisi tulikuwa tunangoja, kumbe yeye ndiye alikuwa anapoteza."

Na sisi hatuko safi. Mara ngapi tumewaambia watoto darasani, "Soma Kiingereza, utaenda Marekani"? Tulidhani tunawatia moyo. Sasa mtoto ambaye safari yake imekwama anaona hata kusoma hakuna maana. Tumekubaliana tuache maneno hayo. Mtoto asome kwa sababu atatumia elimu yake popote atakapokuwa.

Hatusemi muache kutumaini. Nchi nyingine bado zinapokea watu, ingawa nafasi ni chache: duniani kote, wakimbizi wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki hata mmoja kwa kila mia. Basi tumaini likae nyumbani kama mgeni, lisitawale nyumba. Haya ndiyo tunayowaomba wazazi:

Kwanza, mwandikisheni mtoto shule kwa wakati wake, hata kama mmeambiwa safari iko karibu. Uniform ya wiki mbili haijamfukarisha mtu. Mwaka uliopotea ndio ghali.

Pili, mtoto akizaliwa, aandikwe mara moja: cheti cha kuzaliwa, na pia kwenye karatasi za familia UNHCR. Yule mchanga wa Rwezamenyo hakuwa kwenye faili la zamani. Wazazi wake wameshamwongeza, sababu mtoto asiyeonekana kwenye faili anaweza kuichelewesha familia nzima.

Tatu, semeni ukweli juu ya watoto. Kuandika mtoto wa ndugu kama wa kuzaa kunaweza kuharibu kesi. Kama mnalea yatima au mtoto wa ndugu, elezeni hivyo hivyo; wapo wafanyakazi wa kuangalia maslahi ya mtoto. Na kama baba na mama wameachana, mzazi anayebaki huulizwa ridhaa yake kabla mtoto hajasafirishwa.

Nne, msiuze kitu kinachowalisha kabla ya kuwa na tarehe. Hata vipimo vya daktari vina muda wake, ukipita vinarudiwa.

Tano, asiwadanganye mtu. Huduma hizi ni bure toka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna fomu ya kununua wala jina la kusukuma mbele. Anayeomba hela, hata awe jirani au mtu wa kanisani, ni mwizi. Mripoti.

Sita, ongeeni na watoto. Maneno ya mzazi yawe mafupi na ya kweli: "Hatujui kama tutaenda. Tukijua tutakwambia. Leo tuko hapa pamoja." Na baba na mama wakigombana juu ya safari, wasimfanye mtoto hakimu.

Siku ya kuondoka tulimkuta mama amefungua ule mfuko. Msichana alikuwa amevaa gauni la manjano, limeshamfika juu ya magoti. Akasema linambana. Mama akacheka huku anafuta macho, akamwambia mdogo wa kiume, "Shati hili nalo ni lako, vaa leo." Wakatusindikiza wote mpaka kituo cha basi.

Wazazi, fungueni mifuko. Tuonane mwezi ujao.